Muulize Fundi: Doa la dari, sakafu ya choo na ukuta uliotuna

SWALI

Shikamoo Fundi. Mimi na mume wangu tunaishi Kentucky, huu ni mwaka wa sita tunalipa kodi ya apatimenti ambayo kila Januari inapanda. Tumepata nyumba ya kiwandani, zile ambazo wenzetu hapa bado wanaziita trela. Ni ya mwaka 1994, ya vipande viwili, futi 28 kwa 52, vyumba vitatu na bafu mbili. Imekaa kwenye kiwanja cha kupanga, dola 520 kwa mwezi. Mwenye nyumba ni bibi mmoja mstaarabu sana anayehamia kwa mwanawe. Alianza na dola 46,000, sasa ameshuka hadi 38,000.

Shida ni maji. Katikati ya korido dari ina doa la kahawia, ukubwa wa sinia. Kwenye bafu la chumba kikubwa, ukisimama pembeni ya choo sakafu inabonyea kama godoro. Na chumba cha kufulia, upande ule mwingine wa nyumba, ukuta umetuna kwa chini na pana harufu ya nguo zilizolala kwenye beseni. Bibi anasema paa lilivuja miaka miwili iliyopita, akaliziba, basi. Shemeji yangu, ambaye ana mkono wa kazi, anasema hiyo ni kazi ya wikiendi moja, tusiiache bei. Baba mkwe kwa simu anasema chenye matairi ni gari, si nyumba. Tumebakiwa na siku tisa za kuamua. Tununue au tuache?

Mama wa wawili, Kentucky

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonikaa ni hiki: una maswali matatu, bibi amekupa jibu moja. Paa lililovuja mahali pamoja linaweza kueleza doa la korido. Haliwezi kueleza pia sakafu ya choo upande huu na ukuta wa kufulia upande ule. Simwiti bibi mwongo. Mtu akiishi na doa miaka miwili huacha kuliona. Ila wewe usinunue kwa hadithi ya paa. Humo ndani kuna maji ya njia mbili, pengine tatu, na mojawapo huenda bado yanatiririka hivi ninavyoandika.

Shemeji ana nia njema. Wikiendi yake itaanza Jumamosi hii na kwisha Pasaka. Si kwa sababu kazi ni ngumu, bali kwa sababu ataanza kukata sakafu kabla hajajua maji yanatoka wapi, na huko ndiko mimi nilikopotezea pesa zangu. Nitakusimulia.

Tuanze na korido. Nyumba ya vipande viwili hufika kiwanjani ikiwa nusu mbili, kila nusu juu ya chasisi yake ya chuma, kisha zinaunganishwa katikati. Upana wako ni futi 28, kwa hiyo maungio yako kwenye futi 14 hivi kutoka ukuta wa nje. Chukua tepu upime. Doa likiangukia kwenye mstari huo, shuku maungio. Nguzo za matofali zilizo chini zikizama kidogo upande mmoja, nusu zile hazilingani tena, kifuniko cha mgongo wa paa kinaachia, na mvua ya upepo inapata pa kupita. Atakayeziba juu bila kusawazisha chini ataziba tena mwakani. Fungua na kufunga kila mlango wa ndani. Mmoja ukikwama, labda ni bawaba tu. Ikikwama mitatu upande uleule wa nyumba, hiyo nyumba imekaa vibaya.

Mwombe bibi ruhusa uzungushe penseli kwenye ukingo wa doa, kisha omba mvua inyeshe kabla ya siku zako tisa kwisha. Doa likivuka mstari wa penseli, paa halijazibwa. Na nunua kipima unyevu, kile chenye sindano mbili, vya bei nafuu hupatikana kwa dola 30 hivi. Kwenye mbao, chini ya asilimia 15 mimi silali macho. Ikivuka 20 kwenye nyumba inayokaliwa na kupashwa joto, kuna maji yanaingia, hata kama muuzaji ana risiti za mafundi kumi.

Sasa choo. Sakafu ya choo ndiyo iliyonifunza adabu. Nyumba yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa ya mwaka 1988, na niliinunua nikiwa fundi tayari, yaani nikijua kila kitu. Bafu lilikuwa linabonyea kama lako. Nikang'oa choo, nikabadilisha pete ya nta inayokaa kati ya choo na bomba la taka, nikakata ubao uliooza, nikaweka plaiwudi mpya, nikatandika na plastiki mpya ya sakafu. Baada ya miezi minane, pamebonyea tena. Nikarudia kazi yote, safari hii nikiilaani pete. Mke wangu, ambaye hajawahi kushika nyundo, ndiye aliyeuliza kwa nini karatasi za chooni kwenye rafu zinakuwa na unyevu kila ikinyesha. Maji yalikuwa yanaingilia juu kabisa, kwenye mpira unaokumbatia bomba la hewa pale linapotokea paani. Yanateremka na bomba ndani ya ukuta, yanatokea sakafuni karibu na choo, na mimi nimepiga magoti nalaumu nta. Mpira wenyewe ulikuwa wa dola kumi na kitu.

Kwa hiyo ukisikia sakafu ya choo inabonyea, mtuhumiwa wa kwanza ni pete, wa pili ni bomba la maji safi linaloingia tangini, na wa tatu yuko juu ya kichwa chako.

Kubonyea kwenyewe hakunitishi sana. Nyumba nyingi za miaka hiyo zilitandikwa sakafu ya chipubodi, yaani chembe za mbao zilizoshindiliwa na gundi. Ikilowa huvimba kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai, na hata ikikauka hairudishi nguvu. Hakuna rangi wala dawa ya kuiponya. Inakatwa mpaka katikati ya mbao za chini zinazoibeba, inawekwa plaiwudi ya robo tatu ya inchi. Hiyo kazi shemeji anaiweza.

Kinachonitisha ni ukuta. Kiwandani hutandika sakafu yote kwanza, ndipo wanasimamisha kuta juu yake. Maana yake uozo ukivuka choo ukaingia chini ya ukuta, unakuwa umeoza ubao uliobeba ukuta, na ukuta wa nje unabeba paa. Chukua bisibisi bapa, nenda pembeni kabisa, sakafu inapokutana na ukuta wa nje, sukuma kwa nguvu ya mkono. Ikigoma, shukuru. Ikizama kama kisu kwenye embe bivu, fuata ukuta ule hatua kwa hatua mpaka igome, na upime hizo futi ngapi. Futi mbili tunazungumza. Futi ishirini, vaa viatu vyako mwondoke.

Ukuta wa kufulia una watuhumiwa wanne na sitauchelewesha: hita ya maji kama imepakana nao, mipira ya mashine ya kufulia, bomba la kutolea maji machafu linalofurika mashine ikisukuma kwa kasi, na bomba la hewa ya moto la mashine ya kukausha nguo. Hilo la mwisho watu hulisahau. Linatakiwa kutoka nje kabisa, lipite sketi ya nyumba, yaani kizuizi chepesi kinachozungushwa kuziba uwazi wa chini. Nimekuta mengi yaliyoachwa yapumulie chini ya sakafu, na kila nguo zinapokaushwa, ndoo ya maji inageuka mvuke na kurudi kwenye mbao. Washa mashine, kazunguke nje, utafute hewa ya moto inatokea wapi. Usipoipata, iko chini.

Na huko chini ndiko nataka uende, au umpeleke mtu unayemwamini, kabla hamjazungumza bei tena. Nimetambaa chini ya nyumba hizi miaka kumi na tisa, Tennessee kisha Indiana, magoti yangu ni ushahidi. Juu ya sakafu muuzaji anaweza kutandika zulia jipya na kuwasha mshumaa wa vanila. Chini hakuna anayepamba.

Kwanza bibi azime umeme kwenye swichi kubwa. Ukikuta maji yametuama chini ya nyumba, usiingie hata hivyo. Pakiwa pakavu, vaa nguo za kutupa, barakoa, glavu, beba tochi mbili. Fungua kipande cha sketi, ingia. Utaona juu yako karatasi nyeusi ngumu imetandazwa chini ya nyumba nzima. Mafundi tunaiita tumbo. Ndani ya tumbo kuna sufi ya kuzuia baridi, mabomba ya maji na njia za hewa ya moto. Likiwa zima, tumbo limevutika. Likiwa limening'inia kama mimba, hapo kuna maji au sufi iliyolowa, na huenda imelowa tangu watoto wako hawajazaliwa. Usilale chini yake ukalitoboa. Mimi nililitoboa mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa chali, mdomo wazi nikimweleza mwenzangu jambo. Sitaeleza ladha yake.

Toboa ukiwa kando. Yakitoka maji masafi na yasikome, bomba la shinikizo linavuja sasa hivi. Yakitoka kidogo, meusi, yenye harufu, ni ya zamani au ya choo. Kabla ya hapo lakini fanya jaribio lisilochafua nguo: koki zote zifungwe, hakuna anayevuta choo, mtazame mita ya maji kwa nusu saa. Mshale ukisogea, nyumba inakunywa maji peke yake.

Tazama na rangi ya mabomba. Nyumba yenu ni ya 1994. Tangu mwaka 1978 hadi katikati ya miaka ya 1990 Wamarekani waliweka sana mabomba ya plastiki ya kijivu yanayoitwa polibutileni. Yalipasuka na kuachia kwenye maungio mpaka watu wakafungua kesi kubwa, na mwaka 1995 watengenezaji wakakubali kulipa fidia. Mlango wa kudai hiyo fidia ulishafungwa zamani, msimsikilize atakayewaambia vinginevyo. Mkikuta ya kijivu, msipange kuyaziba. Pangeni kuyabadilisha yote na gharama itoke kwenye bei ya nyumba.

Ukiwa bado chini, mulika nguzo na chuma cha chasisi. Kutu ya hapa na pale ni umri. Mstari ulionyooka wa tope, wenye kimo kimoja kwenye kila nguzo, ni mafuriko. Ukiuona huo mstari umefika kwenye tumbo, mimi ningeishia hapo. Maji ya mto yanapanda na taka, yanaingia kwenye sufi na njia za hewa, na nyumba inabaki kuwapulizia wanao hewa hiyo kila mashine ya joto ikiwaka. Jioni hiyohiyo tafuta anwani kwenye ramani za mafuriko za FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia majanga, hazilipiwi. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, yana bima yake, na ile ya serikali kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipia. Ndiyo, siku 30, kwa hiyo kuinunua wingu likishakuwa jeusi hakusaidii.

Kuhusu kuvu: hiyo harufu ya nguo za kwenye beseni ndiyo yenyewe. Kitu kilicholowa kinatakiwa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, la sivyo kuvu inaanza makazi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema eneo lisilozidi futi 10 za mraba mwenye nyumba anaweza kulisafisha mwenyewe. Tatizo la kuta za nyumba hizi ni kwamba nyingi ni jipsamu iliyovishwa plastiki yenye maua. Plastiki inafutika, inang'aa, huku nyuma yake pameoza. Ukiona madoa ya waridi yanayochungulia kutoka ndani ya ukuta na hayafutiki, usiendelee kufuta. Kipande kile kinatolewa chote. Kama mmoja wa watoto ana pumu, naomba usimlete kwenye ukaguzi.

Nimemaliza kutambaa, turudi mezani. Mkubaliane kwa maandishi kwamba ununuzi unategemea ukaguzi, na mkaguzi awe mtu wa nyumba hizi. Mpigie umuulize swali moja: unaingia chini? Akisita, asante kwaheri. Kabla ya kulipa chochote piga simu bima, uwaambie mwaka wa nyumba na habari ya maji bila kuficha, kwa sababu wengine hawaigusi nyumba ya 1994 yenye sakafu mbovu, na bila bima mkopo hautatoka. Mwone meneja wa kiwanja pia. Mnanunua nyumba, ardhi si yenu, na viko viwanja ambavyo nyumba kuukuu ikibadilisha mmiliki wanataka iondolewe. Kuhamisha nyumba ya vipande viwili ni maelfu ya dola, na yenye sakafu mbovu inaweza isivumilie safari.

Bei. Msihesabu kwamba mmepata dola 8,000 bure. Bibi ameshusha kwa sababu anajua kuna kitu, hata kama hajui ni nini. Mafundi wawili wawaandikie makadirio ya kazi yote: chanzo cha maji kwanza, kusawazisha, tumbo jipya, sakafu mwishoni. Jumla yake mpelekee bibi kwa heshima, karatasi mkononi, bila kumsimanga.

Umeniuliza ninunue au niache, nisikukimbie. Ningekuwa mimi: bisibisi imegoma kwenye kuta za nje au imezama kwa futi mbili tu, hakuna mstari wa mafuriko, meneja na bima wamekubali, nanunua hata kama bafu zote mbili zinabonyea. Limekosekana moja kati ya hayo, siinunui hata kwa dola 20,000. Na mwambie baba mkwe, kwa adabu zote, kwamba matairi hutolewa nyumba ikishakaa kwenye nguzo. Tangu tarehe 15 Juni 1976 nyumba hizi hujengwa kwa kanuni moja ya taifa zima, na nimelala kwenye moja miaka kumi na moja bila kuiendesha hata mara moja.

SWALI

Fundi, heshima yako. Kuna jamaa hapa Texas ananiuzia nyumba ya aina hiyohiyo, ya mwaka 1972, dola 6,000 tu. Paa limevuja vyumba viwili lakini anasema chuma cha chini ni kizima. Nilisikia inatakiwa iwe na kibati chekundu cha serikali nje. Anasema kilikuwepo, kiling'oka kwenye upepo. Nimpe advansi?

Kijana wa Houston

JIBU

Kijana wangu, usimpe hata senti. Kibati hicho chekundu kinapigiliwa nje ya kila kipande cha nyumba, na ndani huwa kuna karatasi ya maelezo, mara nyingi kwenye kabati la jikoni au karibu na boksi la umeme, inayosema nyumba iliundwa kuhimili upepo wa kanda ipi. Kwa Texas, hasa ukielekea pwani, karatasi hiyo si pambo.

Mkopo wa nyumba wenye dhamana ya FHA, idara ya serikali inayodhamini mikopo ya nyumba, hutaupata kwa nyumba iliyojengwa kabla ya kanuni ile ya Juni 1976, kwa hiyo siku ukitaka kuiuza, mnunuzi wako huenda itabidi awe na pesa taslimu kama wewe. Paa lililovuja vyumba viwili kwenye nyumba ya umri huo, sakafu yake sihitaji kuiona.

Kuhusu kibati: vilianza kupigwa mwaka 1976. Nyumba ya mwaka 1972 haikuwahi kuwa nacho. Muulize upepo uliking'oa wapi.